Elfu thelathini kwa mwezi

Barua ilikuwa juu ya meza ya chakula, imebanwa na kopo la sukari. Anwani kona ya juu kulia, tarehe chini yake, kisha "Kwa Baba," na katikati ya ukurasa herufi kubwa zilizopigiwa mstari kwa rula: YAH: OMBI LA ADA YA MAZOEZI. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na alikuwa hajawahi kuniandikia barua. Akitaka kitu husema. Akiogopa kusema humtuma mama yake. Safari hii aliandika mwenyewe, na alikandamiza kalamu hadi maneno yakajichora upande wa pili wa karatasi.

Alikuwa anaomba shilingi 40,000 kwa mwezi ili ajiunge na jimu moja hapa Moshi mjini. Alitaja siku: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Akataja saa, nauli, na ahadi kwamba masomo hayatayumba. Aya ya mwisho ndiyo iliyonikaa moyoni. Kama fedha ni ngumu, aliandika, yuko tayari kutoa nusu kutoka kwenye hela anazopewa na bibi yake wakati wa kuchuma kahawa Kibosho, kule mlimani Kilimanjaro.

Nilikaa na barua ile siku nne bila kumjibu. Elfu arobaini kwenye mshahara wa mwalimu si pesa ndogo, lakini haiangushi nyumba. Kilichonisumbua ni kwamba sikujua hii ni gharama ya aina gani. Ada ya shule naijua. Daftari, sare, dawa, hivyo haviulizwi. Simu mpya na nywele za sikukuu vinaweza kusubiri. Mazoezi niyaweke fungu gani?

Nikauliza watu. Mwalimu mwenzangu aliniambia, tena kwa nia njema kabisa, kwamba mtoto akitaka mazoezi apewe ndoo na fagio. Fagio analishika kila asubuhi. Ndoo hatunayo haja nayo, maji ya bomba yako ndani, na ni mimi niliyehangaika miaka kuyaingiza ili wanangu wasipande na madumu kama nilivyopanda mimi. Siwezi kumwondolea mtoto mzigo halafu nimlaumu kwamba haubebi.

Mama yangu alikuwa mgumu zaidi. Ana miaka 74, anaishi Kibosho na bado anafuga ng'ombe wawili wa ndani. Wanaoujua mlima wanajua maana yake: ng'ombe hatoki zizini, majani ndiyo yanayomfuata. Enzi za nguvu zake alikuwa akiteremka hadi tambarare, anakata majani, anafunga mzigo, anajitwika na kupanda nao hadi nyumbani, na jioni bado anasimama jikoni. Nilipomweleza kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yaani unalipa ili mtoto achoke?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Nitakupigia, mama."

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na jambo likinishinda huwa nalihesabu. Jumapili ile nilichukua daftari nikaandika siku ya binti yangu dakika kwa dakika. Anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, anafagia uwanja: dakika 15. Anatembea hadi kituo cha daladala: dakika nane. Anakaa darasani kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Wakati wa mapumziko wasichana wa kidato chake hukaa chini ya mti, wanaongea. Baadaye tuisheni, amekaa. Daladala, amekaa. Kituoni hadi nyumbani, dakika nane. Kazi za shule, amekaa. Nilijumlisha mara mbili nikapata dakika 31, na nusu yake ni fagio.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za mwendo unaomtoa pumzi, na angalau siku tatu kwa wiki afanye kazi ya kuimarisha misuli na mifupa. Binti yangu alikuwa na dakika 31 za mwendo wa polepole. Nilijua pia, kwa sababu nilikuwa nimesoma, kwamba hayuko peke yake. Utafiti wa shirika hilohilo uliotoka mwaka 2019, uliokusanya takwimu za wanafunzi wa nchi 146, ulikuta kuwa vijana 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Wavulana ni 78. Wasichana ni 85. Nilikuwa nimeisoma kama habari za dunia, nikafunga ukurasa. Sasa nilikuwa na mmoja wa wale 85 chumba cha pili, anapiga pasi sare ya Jumatatu.

Shule je? Kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba. Mchango wa michezo tulilipa alipoanza kidato cha kwanza, risiti ninayo. Lakini kila muhula mitihani inapokaribia kipindi kile kinaliwa na marudio, na mpira wa netiboli walionunuliwa ulipasuka mwaka jana, hawajapata mwingine. Ningependa kuishia hapo na kuwalaumu walimu wake, ila haki haitakuwa imetendeka. Mimi mwenyewe, huko ninakofundisha, nimeshawahi kuomba kipindi cha michezo cha kidato cha nne ili nimalize mada ya duara. Nilikipata kwa urahisi. Hakuna mzazi aliyelalamika, na watoto wenyewe waliingia darasani kimya wakiwa wameshavaa raba.

Siku ya tano binti yangu aliuliza swali. Alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori, mgongo amenipa. "Baba, njumu za Kaka zilikuwa shilingi ngapi?"

Aliuliza bila hasira na hakugeuka. Nikamwambia sikumbuki vizuri, kama elfu thelathini na tano. "Alikuwa anabadilisha mara mbili kwa mwaka," akasema, akaendelea kumenya.

Kaka yake alicheza mpira kwenye akademi ya mtaani kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Nilirudi kwenye daftari nikaandika mwaka mmoja wake. Ada 20,000 kwa mwezi, miezi kumi: 200,000. Njumu jozi mbili: 70,000. Jezi: 25,000. Safari nne za mashindano, Arusha na kwingineko, 30,000 kila safari: 120,000. Jumla 415,000. Kwa miaka minne. Na katika miaka yote hiyo sikumbuki hata jioni moja niliyokaa na kujiuliza kama hiyo ni gharama ya lazima au ya anasa. Sikumwambia achangie nusu. Sikumpigia mama yangu simu. Mvulana anacheza mpira, mzazi anatoa hela ya njumu, dunia inaendelea.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliandika barua. Kaka yake hakuhitaji barua.

Kuna hesabu nyingine iliyonibana zaidi, kwa sababu hiyo naila mwenyewe. Jioni mbili kwa wiki nafundisha tuisheni. Wazazi wa Moshi wanalipa tuisheni hata wakiwa wamebanwa: mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni analipa, dereva wa bodaboda analipa kwa mafungu, elfu tano leo, elfu tano wiki ijayo. Kwa miaka yote niliyofundisha hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mtoto achangie nusu ili aithamini. Kichwa cha mtoto tunakilipia bila mjadala. Mwili unaokibeba kichwa hicho tunaufanyia kikao.

Nikaenda kuisoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ile inayomhesabu kila mwenye umri chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kifungu cha 8 kinataja wajibu wa mzazi kumtunza mtoto, na wajibu huo unampa mtoto haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi, uhuru, na mwisho wa orodha, haki ya kucheza na kupumzika. Imo kwenye kifungu hichohicho na chakula. Sisemi sheria inanilazimisha kulipa jimu. Haisemi hivyo. Ila iliniondolea lile neno anasa, nikaliweka chini.

Tunapenda kusema sisi tulicheza bure. Nami nililisema, mbele ya wanangu wote wawili, tena si mara moja. Nimekulia upande wa Pasua, hapahapa Moshi. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na eneo la wazi ambalo halikuwa na jina, tuliliita uwanjani tu. Jioni wavulana tulipiga chandimu kwa mpira wa matambara uliofungwa na nailoni. Pembeni wasichana walicheza rede. Mnaikumbuka rede: wawili wanasimama huku na huku na mpira, mmoja yuko katikati na chupa, anachutama kuijaza mchanga, mpira ukija anaruka, anakwepa, anarudi kuchutama tena, akiguswa ametoka. Dada yangu mkubwa alikuwa na sifa mtaa mzima. Angeweza kujaza chupa na kuimwaga bila kuguswa, jua linazama, mama anaita, yeye bado yumo. Na asubuhi shuleni tulianza na mchakamchaka, wadogo mbele, wakubwa nyuma, vumbi mpaka magotini.

Mwaka jana nilipita pale. Kuna safu ya fremu za maduka, nyumba ya wageni ya ghorofa moja, na sehemu ya kuoshea magari. Haikuwa siku moja. Kwanza iliwekwa rundo la tofali, tukaona ni la muda. Kisha msingi. Kisha mtu akazungushia mabati. Wazee wetu hawakupiga kelele, na sisi tulishakuwa watu wazima tukawa na kazi zetu.

Kwa hiyo hatukucheza bure. Ardhi ile ilikuwa na bei hata wakati ule, na mtaa mzima ulikuwa unailipa kila siku kwa kutoiuza. Ilikuwa ada ya pamoja, ndiyo maana hakuna aliyeiona. Eneo lilipokwenda, ada ile haikwenda nalo. Imegawanywa, na sasa inafika nyumba kwa nyumba, mezani, imebanwa na kopo la sukari.

Najua kuna atakayeuliza: barabara si zipo? Si akimbie? Moshi ni mji wa mbio. Kila mwaka, Februari ikielekea kwisha, tunafurika wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, uwanja wa Ushirika unajaa tangu alfajiri, watu wa kilomita 42, wa 21, na wa zile tano za kujifurahisha. Na Septemba 15 mwaka 2025 nchi nzima iliamka na habari za Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo. Ofisini kwetu walimu walipeana mikono mpaka chai ikapoa. Tulikuwa walewale tunaokula vipindi vya michezo.

Nilijaribu barabara. Wiki mbili nilikimbia naye alfajiri kutoka Majengo kuelekea Rau, mlima umejitokeza mweupe juu ya mawingu, hewa baridi, na nitakuwa mwongo nikisema hazikuwa asubuhi nzuri. Lakini mimi nina vipindi vya asubuhi, na siku nisipokuwepo haendi, na ana sababu. Mwanaume akikimbia saa kumi na mbili na nusu jioni, huyo ni mtu wa mazoezi. Msichana akikimbia saa hiyohiyo kila pikipiki inapunguza mwendo. Aliniambia maneno mawili matatu aliyowahi kuambiwa njiani, mengine akayaacha. Nilitosheka na hayo. Barabara ni bure kwangu. Kwake ina bei nyingine.

Nikakubali. Nusu yake ya pesa za kahawa nikaikataa. Nilimwambia hizo ni zake, akitaka anunue anachotaka. Najua wazazi wenzangu wengi wanaamini mtoto akichangia ndipo atathamini, na kwa simu au nguo za mtindo naona wana hoja. Ila sitaki mwanangu ajifunze kwamba afya yake ni kitu tunachokifanyia nusu kwa nusu. Kazi yake ni kwenda. Hilo ndilo nililomtoza: siku tatu kwa wiki, mvua isipokuwa ya kufunga barabara, na akiumwa aseme.

Mwanzo wetu ulikuwa mbaya, na kosa lilikuwa langu kwa sehemu. Mahali pa kwanza waliniambia nikilipa miezi mitatu kwa mkupuo nitapunguziwa, nikalipa. Wiki ya sita binti yangu alirudi nyumbani mapema na begi lake. Mlangoni kulikuwa na kufuli. Simu iliita siku mbili, siku ya tatu ikawa haipatikani. Hela ya wiki saba ilipotea hivyo. Kilichoniuma zaidi ni alivyokuja kuniomba msamaha, kana kwamba ni yeye aliyefunga lile kufuli. Nilimkalisha nikamwambia ada ya mwezi ujao iko palepale, tutafute mahali pengine. Mama yake, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, ndiye aliyesema, "Na safari hii nenda ukaone kwanza."

Nilikwenda, nikakaa. Mzazi akipita kwa dakika tano anaonyeshwa mashine na vioo. Akikaa saa nzima kwenye benchi anaona watu. Nilitazama nani anawasahihisha wanaoanza, nani anamgusa nani na kwa ruhusa gani, chumba cha wasichana cha kubadilishia nguo kina kitasa kinachofunga kwa ndani au hakina. Mahali pa pili, nilipoondoka haraka, palikuwa na mashine nzuri sana na mkufunzi aliyekuwa akizungumza na wasichana huku macho yake yako kwingine. Mahali pa tatu ni padogo, sakafu imetandikwa mikeka ya mpira iliyochanika pembeni, vyuma vimeota kutu kidogo, lakini kuna mwalimu mwanamke na saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni ni za wanawake. Bei 40,000. Nikasema ni mwanafunzi, akanipa kwa 30,000, kila mwezi kwa mwezi.

Raba tulikwenda kuzitafuta soko la mitumba la Memorial, Jumamosi asubuhi marobota yanapofunguliwa. Yeye alikimbilia rangi. Muuzaji, kijana wa makamo ya mwanangu, alimwonyesha kazi: alishika kiatu akakikunja, kikakunjika katikati, akakitupa pembeni. "Hicho kimekufa, dada. Kizuri kinakunjika hapa kwenye vidole." Akabonyeza kisigino kwa dole gumba kuona kama sponji inarudi. Akageuza soli kuangalia imelika upande gani, kwa sababu aliyekivaa mwanzo ameacha mwendo wake mle ndani. Tulipata jozi ya kijivu, namba 39, haina hadithi yoyote ya rangi, kwa 22,000. Alizifua na kuzianika kwenye kamba, akaziingiza magazeti ndani zisipoteze umbo.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi nikidhani atapewa chuma. Mwalimu alimpa mti wa ufagio. Aliuweka mabegani mwake, akamwambia achutame, kisigino kisinyanyuke, kifua juu, magoti yafuate vidole. Akachutama, akayumba, akainuka. Tena. Mara kumi, pumziko, mara kumi. Nilikuwa nikimwangalia nikasahau nilipo, kwa sababu nilikuwa namwona dada yangu na chupa ya mchanga. Ni mwendo uleule. Ulikuwa ukichezwa nyuma ya nyumba yetu hadi jua lizame, na sasa ninaulipia ili mwanangu ajifunze upya, hatua kwa hatua, kwa mti wa ufagio.

Wiki iliyofuata shangazi mmoja wa ukoo alinipigia. Vyuma vitamdumaza, alisema, na vitamharibia kizazi. Nilimjibu kwa heshima kwamba wataalamu hawakatazi, tena mwongozo niliousoma unataka misuli na mifupa ishughulishwe. Hatari iko kwenye uzito mkubwa usio na msimamizi, na huyu anaanza na mti wa ufagio. Nadhani hakuridhika. Ila ni shangazi huyohuyo ambaye Krismasi, mbele ya watu, alimtazama binti yangu juu hadi chini akasema, "Umenenepa wewe." Nilipokumbuka hilo nikapata hofu mpya: je, ninalipia afya au ninalipia aibu?

Nilimuuliza. Tulikuwa tumekaa barazani, umeme umekatika, na giza husaidia baba na binti kuzungumza. Alifikiri. Akasema Krismasi ilimuuma, ndiyo. Halafu akasema, "Lakini mimi nataka niweze kupiga pushapu moja, Baba. Moja kamili, bila magoti." Shuleni waliambiwa wapige, wasichana wote wakapiga kwa magoti, na yeye akajiuliza kwa nini.

Hapo nikajua ninalipia nini, na pia nini sitalipia. Sitalipia unga wa protini. Maharage yapo, mayai yapo, maziwa ya bibi yake yapo. Sitalipia chai za kupunguza tumbo wala vidonge vinavyouzwa kwa picha za kabla na baada. Sitalipia mizani. Siku atakayoanza kuruka chakula, ada itasimama na tutakwenda hospitali kuzungumza na mtu anayejua. Na akisema amechoka, anataka kuacha, ataacha, sitamkumbusha hela. Kaka yake aliacha mpira kidato cha nne na hakuna aliyemdai.

Imepita miezi saba. Mwezi mmoja tulikwama. Januari, ada za kila mtu, nikamwambia mwezi huu hapana. Alifanya mazoezi barazani kwa madumu mawili ya maji ya lita tano, na mimi nilirudi barabarani naye Jumamosi mbili. Anapiga hatua taratibu. Pushapu za magoti anapiga 15. Ile moja kamili bado. Anashuka vizuri, akifika chini mikono inatetemeka na kukataa. Pasaka tulipanda Kibosho, na bila kuambiwa aliingia shambani na panga la bibi yake, akarudi na mzigo wa majani kichwani, akautua mlangoni mwa zizi. Mama yangu aliuzunguka ule mzigo, akaunyanyua kidogo kwa mikono miwili kupima uzito, akautua. Hakusema kitu kuhusu jimu. Jioni alimwekea nyama ya ziada.

Lakini kuna jambo ambalo elfu thelathini haikuliweka sawa. Binti yangu ana rafiki, wanatoka naye tuisheni pamoja. Siku za jimu humsindikiza hadi mlangoni. Mwanzoni alikuwa akiingia kidogo, anakaa kwenye lile benchi nililokaa mimi, anashika begi na simu, anamhesabia mwenzake. Siku moja nilikwenda kulipa nikamkuta nje, amekaa kwenye ngazi. Shikamoo, Baba. Marahaba mwanangu, mbona huku? Akasema wameambiwa asiyelipa asikae ndani. Mama yake anauza ndizi Mbuyuni. Tuisheni ananilipa mimi, elfu tano tano.

Niliwahi kumlipia mwezi mmoja, na mama yake alikuja nyumbani na mkungu wa ndizi, akiwa na uso ambao sikupenda kumwona nao. Sikurudia. Mtu asilazimike kunishukuru kwa sababu mtoto wake ameruka kamba.

Mtaani kwetu, chini ya barabara, bado kuna kipande cha wazi. Si kikubwa, ukisimama katikati unaweza kurusha jiwe likafika upande wowote. Watoto wadogo wanacheza hapo, na mwezi uliopita nimeona rundo la tofali kwenye kona. Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaniambia hawezi kuzungumza nami peke yangu, niandike barua, wakazi wasaini, italetwa kikaoni.

Barua aliandika binti yangu, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Anwani kona ya kulia, tarehe, YAH: ENEO LA WAZI LIBAKIE KIWANJA CHA MICHEZO. Tumepita nyumba kwa nyumba yeye, rafiki yake na mimi, jioni tatu, na tuna saini 46. Mama wa ndizi alisaini, akatutuma kwa dada yake nyumba ya tatu. Kikao ni Jumamosi saa tatu asubuhi, na tofali bado ziko pale konani. Nilizihesabu leo nikirudi kazini. Hazijaongezeka.